Faili la Posa

Nilimsikia kabla sijamwona. Renato Galindo ana mwendo wake: kisigino cha kulia kinagonga sakafu kwa nguvu kuliko cha kushoto, na mwanamke aliyewahi kuungoja mwendo huo jioni baada ya jioni hausahau hata akiapa. Ulishuka ngazi za maktaba, ukapita korido ya magazeti ya zamani, ukasimama nje ya mlango wetu. Kompyuta yangu ilionyesha saa nne na dakika arobaini asubuhi.

"Kafika," alisema Mama Zenaida, uso bado uko kwenye mkate wake. Ni mkutubi mwenzangu, mjane wa miaka sitini na mbili ambaye wakuu wa idara humwamkia kwanza ili asiwaseme. "Nitoke au nikae?"

"Kaa, mama."

"Ningekaa hata ungesema nitoke."

Mlango ukafunguka. Miaka minne sikuwa nimemwona kwa karibu. Alikuwa amejaa kidogo mashavuni, suti ya buluu imemkaa vizuri, mvi mbili tatu juu ya sikio, na macho yale ya rangi ya asali ambayo zamani yakinitazama nilisahau sentensi niliyoianza. Wiki tatu nilikuwa nikijiandaa kwa asubuhi hii. Nilipanga nitakavyokaa, nitakavyoshika kalamu, hata blauzi niliichagua. Lakini damu haikuuliza mpango. Ilipanda shingoni yenyewe.

"Neli," alisema.

"Daktari Galindo. Karibu kiti."

Hakukaa. Alinyoosha simu yake mbele ya uso wangu, kana kwamba sikujua kilichoandikwa humo. Niliandika mwenyewe. *Data za utafiti wako, jumla ya mafaili sitini na saba, zitafunguliwa kwa umma leo saa sita mchana. Zimekaguliwa na N. Ccorahua.*

"Sikujua uko hapa," alisema.

"Huu ni mwezi wangu wa nane hapa. Ungeleta diski mwenyewe ungenikuta. Ulimtuma karani."

"Neli, faili la arobaini na tatu. Limeandikwa 'Posa, jikoni kwa Teófila, Willkapata.' Ni kitu gani hicho?"

"Ni posa," nilisema. "Jikoni kwa mama yangu."

Mama Zenaida akameza mkate kwa sauti.

Nieleze kidogo, maana bila hili mtu atanidhania mkorofi. Ofisi yetu iko chini ya maktaba ya chuo, hapa Huamanga, na tunaiita Hazina. Utafiti wowote uliofanywa kwa fedha za umma sharti uletwe kwetu, makala na data zake, ili kila mtu ausome bure: profesa wa Lima, mwanafunzi asiye na kitu, mama wa kijijini mwenye mjukuu anayejua kufungua kompyuta. Asiyeleta hapandishwi cheo. Renato alitaka kupandishwa cheo mwezi huu, na harusi yake na Ximena Oré ilikuwa baada ya wiki tatu. Ndiyo sababu alileta. Hakuleta kwa mapenzi.

Na data zile zilikuwa zangu.

Miezi ishirini nilipanda na kushuka vijiji vya juu nikiwa na rekoda mfukoni. Wanawake sitini na mmoja walinifungulia ghala zao, wakanionyesha mbegu za viazi ambazo hata majina yake hayamo kitabuni, wakanieleza ipi huvumilia baridi kali, ipi hupandwa mwezi ukiwa mchanga, ipi humponya mzazi. Walinieleza kwa Kikechua, kwa sababu ndiyo lugha ya mama yangu na ya viazi. Renato aliendesha gari. Mama yake, Doña Graciela, alimkataza lugha hiyo tangu utotoni, akisema ni ya watumishi. Basi alikaa kando ya moto akila viazi vya kuchemsha, akitabasamu, nami namtafsiria sikioni kwa sauti ya chini, na katika huko kutafsiri, midomo yangu karibu na shingo yake, nikapotea. Sijutii kumpenda. Mtu hajutii njaa.

Halafu mama akateleza kwenye barafu, nyonga ikavunjika. Renato akanishika mikono yote miwili. "Kamwuguze mama," aliniambia. "Mimi nitaandika. Majina mawili, lako la kwanza." Nilimwachia kila kitu: rekoda, daftari, kurasa mia nne nilizozinukuu kwa mkono. Alivuka bahari navyo kwenda kusomea shahada ya uzamivu. Barua zikapungua, zikakoma. Makala ikatoka katika jarida kubwa la huko nje, jina moja tu juu yake. Mwishoni aliwashukuru "wasaidizi wa kijijini."

Mwalimu wa Willkapata alijaribu kuifungua ili amsomee mama yangu kitandani. Kompyuta ikamwambia alipe dola thelathini na tisa. Mama alicheka mpaka nyonga ikamuuma. "Maneno yangu mwenyewe niyanunue?" alisema. Alikufa mwezi wa Agosti, hakuyasoma.

Basi niliposhika diski ile mikononi, wiki tatu zilizopita, na kuona ni nini, sikulia. Nilifunga mlango, nikavaa hedifoni, nikaanza na faili la kwanza.

"Lifute," alisema Renato.

"Hazina haifuti."

"Kila kitu kinafutika."

"Kwenu huko labda. Hapa kitu kikiondolewa ukurasa wake unabaki. Unaandikwa kilikuwa nini, kimeondolewa na nani, na kwa nini. Sisi tunauita kaburi."

"Tuna makaburi manne tu," Mama Zenaida alichangia. "Na yanatembelewa kuliko walio hai. Watu wanapenda kujua marehemu alikufa kwa nini."

"Samahani, mama, nazungumza na Nélida."

"Zungumza, mwanangu. Mimi nakula."

Renato alikaa hatimaye, akasogeza kiti karibu. Alikuwa na manukato mapya, ya bei. Chini yake, kwa mbali, niliipata harufu yake mwenyewe, nikashika ukingo wa meza.

"Sawa," alisema polepole. "Kaburi. Andika: mambo ya familia. Nitasaini."

"Saini yako haitoshi. Sababu inathibitishwa na naibu mkuu wa chuo anayesimamia utafiti. Na kwa kanuni haruhusiwi kuthibitisha kabla hajalisikiliza faili lenyewe, mwanzo hadi mwisho."

Nilimwona akihesabu kimoyomoyo. Naibu mkuu wa chuo anayesimamia utafiti ni Daktari Oré. Baba yake Ximena.

"Umelipanga hili," alisema.

"Umelipanga wewe. Ona." Nikamgeuzia fomu yake ya kuwasilisha. "Kisanduku hiki: 'Nimesikiliza mafaili yote, na wote wanaosikika wameridhia.' Tiki yako. Saini yako."

"Neli, nani duniani anasikiliza mafaili sitini na saba?"

"Mimi. Ndiyo kazi ninayolipwa. Mara ya kwanza niliyarekodi, mara ya pili nikayanukuu, mara ya tatu nimeyakagua. Unakumbuka Casimira, yule aliyekuwa akitupikia supu?"

"Nakumbuka."

"Katikati ya kueleza mbegu aliniambia mambo ya mumewe. Alilia. Akasema hili libaki hapa jikoni. Liko faili la kumi na tisa. Wewe leo saa sita ulikuwa unaianika ndoa ya Casimira duniani, na hukujua. Nimelifunga. Nimefunga tisa ya namna hiyo."

Aibu ilimpita usoni, aibu ya kweli, na kwa hilo peke yake nikamchukia zaidi, maana ilimpendeza.

"Basi funga na la kumi," alisema.

"Yale tisa wenyewe hawakuridhia. La arobaini na tatu waliomo ni watatu, na wote waliridhia."

"Mimi sikuridhia. Hata sikujua rekoda inawaka."

"Mama alikuambia."

"Hakuniambia."

Nilibonyeza. Sauti ya mama yangu ikajaa chumba, nene, yenye kikohozi cha moshi, na kuni zikipasuka nyuma yake. Mama Zenaida, anayejua Kikechua tangu titi la mama yake, akaacha kutafuna. Mama alisema maneno yake, akanyamaza kungoja jibu. Sauti ya Renato, changa, yenye furaha, ikajibu kwa neno pekee alilolijua: "*Arí*, mama, *arí*." Ndiyo, mama, ndiyo.

Nikasimamisha.

"Alisema nini?" Renato aliuliza.

"Alisema: taa nyekundu ya kidude hiki bado inawaka. Iache iwake. Mtu akija kumsifu mwanangu mbele yangu, nataka asikike hadi mbali. Unakubali, kijana? Nawe ukakubali mara mbili."

"Alisema kwa Kikechua. Neli, unajua vizuri sikuelewa."

"Mimi najua. Lakini makala yako, ukurasa wa pili, inasema mtafiti alifanya mahojiano yote mwenyewe, kwa Kikechua, bila mkalimani." Nilimtazama ndani ya macho, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Kwa hiyo ulimwelewa, daktari. Au ukurasa wa pili ni uongo. Chagua, nikuandikie."

Mama Zenaida alikohoa. Halafu akainuka, akasema kuna mtu anagonga kengele kwenye dirisha la kuazimia vitabu. Hapakuwa na kengele. Aliufunga mlango taratibu, na tukabaki wawili na saa ya kompyuta. Saa tano na dakika tano.

"Wacha niisikie yote," Renato alisema. Sauti ilikuwa imemshuka.

Niliiacha iendelee.

Siku ile alikuja peke yake na chupa ya pombe ya miwa na mfuko wa majani ya koka, kwa sababu Doña Graciela alikataa kuja. "Sipandi mlima kwenda kumwomba mwuza viazi," alikuwa amesema. Kwetu mchumba wa kike hupimwa kwa kiazi kimoja chenye vinundu vingi, kigumu kumenya. Jina lake ni mliza-mkamwana. Mama mkwe humpa akitazama. Lakini mama mkwe hakuja. Basi mama yangu akageuza mila. Akampa Renato kiazi na kisu. "Umekuja bila mama," alimwambia kwa Kihispania chake cha sokoni, "basi utamenya wewe. Na kwa kila kinundu, neno moja la kweli juu ya binti yangu. Ukidanganya kitakukata."

Tulisikiliza. Tulisikia kisu. Tulisikia mimi nikicheka, msichana yule niliyekuwa, na nikataka kumfunika na blanketi asipate baridi iliyokuwa njiani.

"Ana akili kunizidi," ilisema sauti ya Renato. Kinundu. "Hachoki." Kinundu. "Akinitazama nakuwa mtu mwema." Mama akaguna, kwamba hilo ni la nyimbo, aseme la kweli. Akacheka. "Haya. La kweli, mama: kazi hii yote ni yake. Amezungumza na wanawake sitini na mmoja. Mimi naendesha gari tu. Nikikaa pale motoni sielewi hata neno. Siku kitabu kitakapotoka jina lake litakuwa juu, langu chini, na hata hapo chini nitakuwa nimependelewa." Halafu: "Aah." Kisu kilikuwa kimemkata kidole.

"Huyu amekatwa hata akisema kweli," ilisema sauti ya mama yangu. "Sijui nilielewe vipi hilo."

Nilisimamisha hapo. Renato alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua macho yalikuwa yamelowa, na mkono wake ulikuwa umevuka meza na kuushika wangu. Kovu la kidole lilikuwepo bado, mstari mweupe mdogo. Nililigusa. Sikuagiza kidole changu kuligusa.

"Nilikuwa mtu gani yule?" alisema. "Nimempoteza wapi?"

"Sijui, Renato. Mimi nilikuwa namwuguza mama."

"Mama yangu alisema nikirudi kwako asinione tena. Nilikuwa mwoga. Ni hivyo tu, sina la kupamba. Nilikaa kule baridini nikaandika jina lako juu ya ukurasa, nikalifuta, nikaliandika. Neli, nitazame. Simpendi Ximena. Ni msichana mzuri na simpendi. Leo hii naweza kumwambia. Tuondoke wote wawili, Cusco, Arequipa, popote. Nikuoe kama nilivyomwambia mama yako."

Nitasema ukweli, kwani niliyoyapitia siyaonei haya. Kwa muda wa pumzi tatu niliona nyumba. Niliona mlango wa kijani na viatu vyake kando ya vyangu. Kisasi chote nilichokipika wiki tatu kilikuwa kama sufuria iliyoepuliwa motoni. Vidole vyake vilipanda kwenye kiganja changu, taratibu, kama zamani, na angesema neno lingine lolote, neno lolote lile, nadhani ningekuwa mke wake.

"Lakini kwanza lifunge hili," alisema.

Nikautoa mkono wangu.

Sikuutoa kwa hasira. Niliutoa kama unavyoutoa kwenye maji unapogundua yamepoa.

"Kuna njia nyingine," nilimwambia, "isiyopita kwa baba mkwe wako."

Aliinuka kidogo kitini. Matumaini yalimrudia usoni upesi mno, na hapo nikajua kwamba yale machozi yalikuwa ya kweli na hayakuwa na faida.

"Njia ipi?"

"Fomu ya kusahihisha waandishi. Aliyewasilisha anasaini peke yake. Mwandishi wa kwanza ndiye mwenye kauli juu ya kila faili: lipi lifunguke, lipi lifungwe."

"Na ukiwa wewe wa kwanza, utalifunga?"

"Nikiwa mimi wa kwanza, nitafanya inavyompasa wa kwanza."

Alisikia alichotaka kusikia. Nilitoa fomu, nikaanza kuandika kwa herufi kubwa. Wa kwanza: Nélida Ccorahua Ayme, mahojiano, unukuzi, tafsiri, uchambuzi. Wa pili: Teófila Ayme, na wanawake sitini wa vijiji vya juu, majina yao yote kwenye ukurasa ulioambatanishwa, maarifa ya mbegu.

"Na wewe nikuandike kazi gani?" niliuliza.

"Andika uchambuzi."

"Uchambuzi uko kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, na daftari liko kwenye diski uliyoleta. Fomu inataka kazi ambayo data zenyewe zinaithibitisha."

"Basi andika utakacho, Neli. Saa inakwenda."

Niliandika: Renato Galindo, usafiri.

Mama Zenaida alikuwa amerudi. Alisimama nyuma yangu, akasoma, akasema kwa upole wa muuguzi, "Na dereva mzuri alikuwa, nasikia. Hakuwahi kupindua."

"Isome kwanza," nilimwambia Renato nikimsogezea fomu. "Kurasa mbili. Soma na maandishi madogo ya chini."

"Nipe kalamu."

"Renato, isome."

"Nitasoma baadaye. Nipe kalamu."

Nilimpa. Mbele ya Mungu na mbele ya Mama Zenaida nilimwambia mara mbili. Alisaini. Nikapiga muhuri, nikaiingiza kwenye mashine, na jina langu likapanda juu ya ukurasa wa data zangu. Nilikuwa nimewaza kwamba nitalia, au kwamba nitasikia ushindi kama ngoma. Niliona tu herufi zangu, na zile C mbili ambazo Doña Graciela alikuwa akizicheka kila mara. Zilikuwa zimekaa vizuri pale. Zilionekana kama zimekuwapo siku zote.

Saa sita kasoro dakika nane.

"Sasa lifunge," alisema.

"Hapana."

"Nini?"

"Mimi ni mwandishi wa kwanza. Nasema libaki wazi."

Aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi nini? Rudia maneno yangu."

Akamgeukia Mama Zenaida kama mtoto anayemshitakia mwalimu.

"Ya ahadi sijui, nilikuwa dirishani," Mama Zenaida alisema. "Lakini 'isome' niliisikia, mara mbili."

"Neli. Neli, sikiliza. Hiyo ni sauti yangu. Huwezi kuniweka uchi mbele ya watu."

"Una dakika moja na nusu ndani ya faili lile. Zilizobaki ni za mama yangu. Anataja mbegu kumi na nne mle, zikiwemo tatu ambazo sasa hakuna ajuaye tena kuzipanda. Sauti yake haiko mahali pengine popote duniani. Uliibeba ukaifungia kwenye nyumba ya watu wanaotoza kiingilio, na yeye akafa nje mlangoni. Leo anaingia. Kama wewe uko njiani, sogea."

"Hii ni chuki."

"Ndiyo," nilisema. "Nimeilea vizuri. Nilikuwa na nafasi, sikuwa na mume wala tasnifu."

Ndipo alipoikamata ile fomu na kusoma maandishi madogo. Nilimwona akifika mstari wa sita, ule usemao kwamba masahihisho ya waandishi hutumwa papo hapo kwa jarida lililochapisha makala, na kwa ofisi ya naibu mkuu wa chuo iwapo kazi hiyo imo katika maombi ya kupandishwa cheo. Midomo ilimkauka. Aliketi juu ya meza ya Mama Zenaida, kwenye makombo ya mkate, na suti yake nzuri.

Nje kengele za makanisa zilianza, moja, kisha nyingine, na nyingine, kama kawaida ya mji huu ambao hakuna makanisa mawili yanayokubaliana saa. Kwenye kioo changu mistari sitini na saba ilikuwa ya kijivu. Tisa ilibaki ya kijivu. Hamsini na minane ikageuka kijani.

Nilipiga simu Willkapata. "Mwalimu, liko tayari," nilisema. "Hapana, hulipi kitu. Fungua tu." Nilisikia viti vikiburutwa, wanawake wakiambiana wakae, mtu akimwita Casimira atoke jikoni. Nikakata ili wasikilize wenyewe.

Namba ya wasikilizaji wa faili la arobaini na tatu iliandika moja. Baada ya dakika mbili, mbili. Chini yake mashine huonyesha mahali msikilizaji alipo, na huyu wa pili alikuwa humu humu chuoni, ghorofa ya tatu, ofisi za utawala. Simu ya Renato ikaanza kutetemeka mezani. Jina la Ximena likawaka, likazimika, likawaka tena. Hakuigusa.

Kisha akasimama, akajipangusa makombo, akafika mlangoni. Pale akageuka. Uso wake ulikuwa umevuliwa kila kitu, cheo, ujanja, manukato, na kwa mara ya kwanza siku ile alifanana na mtu aliyekuwa akimenya kiazi.

"Niambie kitu kimoja tu," alisema. "Uliwahi kunipenda? Au hata wakati ule ulikuwa unaniandalia hili?"

Nilikiinua kile kiti kilichoanguka.

"Dakika ya thelathini na moja," nilisema. "Ulikuwa umetoka nje kuosha kidole. Mama aliniuliza swali hilohilo, nami nikamjibu. Liko wazi, Renato. Nenda kalisikilize, kama mtu mwingine yeyote."